Michezo na Mapumziko ya Mtaa Mzima: Namna ya Kuyapanga

Nenda kwenye uwanja wa mtaa wako saa kumi na moja jioni, siku yoyote ya wiki, ukahesabu watu. Wahesabu waliomo ndani ya mistari, kisha waliosimama pembeni, kisha wanaopita bila kusimama. Katika mitaa mingi ya Dar es Salaam, Mwanza au Tanga hesabu itafanana. Ndani wamo vijana wa kiume ishirini na wawili. Pembeni wapo vijana wa kiume wengine wanaosubiri zamu. Wanaopita ni wasichana wenye ndoo, kina mama wanaotoka gengeni, na watoto wadogo wanaofukuzwa kila mpira unapoelekea kwao. Wazee wako barazani. Mtoto asiyeweza kutembea yuko ndani, na huenda jirani wa nyumba ya tatu hajui hata kama yupo.

Mpango unaanzia kwenye hesabu hiyo. Ninaandika kwa ajili yako uliye mwenyekiti wa mtaa, mjumbe wa kamati, kiongozi wa kikundi cha joging, mwalimu, au mkazi tu uliyechoka kuona eneo la wote likitumiwa na wachache. Vijana wa mpira hawana kosa. Wao ndio waliokuja, wakafyeka nyasi, wakachora mistari kwa majivu. Bila chandimu yao maeneo mengi ya wazi yangekwisha kuwa fremu za maduka. Lakini burudani isiyopangwa humwendea mwenye nguvu, mwenye muda na mwenye sauti, na mtaa una watu wengi wasio na hata kimoja kati ya hivyo.

Kwa nini iingie kwenye ajenda

Utaambiwa kwamba burudani isubiri: kwanza maji, barabara na taka, michezo baadaye. Usikubali haraka. Shirika la Afya Duniani, katika miongozo yake ya mwaka 2020, linashauri mtu mzima afanye mazoezi ya wastani kwa dakika 150 hadi 300 kwa wiki, na mtoto wa miaka 5 hadi 17 achangamshe mwili kwa wastani wa dakika 60 kila siku. Aliyefikisha miaka 65 anashauriwa kuongeza, siku tatu au zaidi kwa wiki, mazoezi ya nguvu na ya kuimarisha mizani ya mwili ili asianguke. Sasa mfikirie bibi wa mtaani kwako mwenye shinikizo la damu. Kule zahanati ameambiwa afanye mazoezi. Atayafanyia wapi? Kandokando ya barabara yenye bodaboda? Ushauri wa daktari unaishia mlangoni pa nyumba yake kwa sababu mtaa haukumwandalia pa kuutekelezea.

Kuhusu watoto, Tanzania ina sheria. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inataja haki ya kucheza na kupumzika katika kifungu kilekile kinachotaja chakula, malazi, mavazi, matibabu na elimu. Kwa hiyo mtaa usio na mahali salama pa mtoto kuchezea unapungukiwa na kitu ambacho sheria imekiweka jirani na chakula. Lisemeni hili mkutanoni kwa maneno hayohayo.

Ipo pia sababu isiyoandikwa kwenye sheria. Mijini watu wa mtaa mmoja hukutana msibani na harusini, na kote kuwili kuna daftari la mchango. Mpangaji mgeni, mwenye chumba kimoja na asiye na ndugu mtaani, hana mahali pa kufahamiana na wenzake bila kutoa fedha. Jioni ya michezo inampa mahali hapo. Siku mtoto wake akipotea au nyumba ikishika moto, atakuwa na majina ya kuita.

Uliza swali linalofaa

Kosa la kawaida ni kuitisha kikao na kuuliza, "Mnataka mchezo gani?" Watajibu mpira, kwa sababu waliokuja kikaoni ni wacheza mpira. Badala yake wafuate watu walipo: kwenye kikao cha kikoba, kwaya, madrasa, kijiwe cha bodaboda, saluni, foleni ya kliniki ya watoto. Waulize mambo mawili tu. Je, ni saa ngapi huna kazi? Na nini kinakuzuia kuja uwanjani?

Majibu ya swali la pili yatakushangaza, maana mengi hayahusu michezo. Mama mwenye mtoto mchanga atasema hakuna pa kukaa penye kivuli. Mwingine atasema hakuna choo; wanaume wanajisitiri nyuma ya ukuta, yeye atakwenda wapi? Msichana wa miaka kumi na tano atakuambia kuhusu maneno anayotupiwa na waliokaa pembeni, na kuhusu njia ya kurudi nyumbani giza likishaingia. Mzee atataja jua na mtaro usio na kivuko. Mzazi wa mtoto mwenye ulemavu pengine atanyamaza kidogo kwanza, kisha atasema hakuna aliyewahi kumuuliza.

Wapo pia wanaosahauliwa hata na wapangaji wazuri. Dada wa kazi za nyumbani wengi hupata nafasi Jumapili mchana pekee, tena kwa saa chache. Walinzi wa usiku hulala asubuhi na huwa huru alasiri. Mama lishe hufunga biashara mchana wengine wanaporudi kazini. Ukipanga kila kitu Jumamosi jioni umewafungia mlango watu hawa wote bila kukusudia. Waandike kwa makundi, pamoja na saa zao, kwenye karatasi moja kubwa. Karatasi hiyo ndiyo utakayoibandika ukutani kamati itakapokaa.

Gawa saa kabla ya kugawa ardhi

Mitaa mingi hulalamika kwamba haina nafasi. Tazama vipimo. Uwanja kamili wa mpira wa miguu wa mita 105 kwa 68 unachukua mita za mraba 7,140. Uwanja wa netiboli ni mita 30.5 kwa 15.25, yaani kama mita za mraba 465. Kwa eneo pekee, viwanja kumi na tano vya netiboli vinaingia kwenye kimoja cha mpira. Mpira wa wavu wa kukaa, unaochezwa na watu wenye ulemavu wa miguu na pia wasio na ulemavu, unahitaji mita 10 kwa 6 tu, na wavu wa wanawake una kimo cha mita 1.05. Hiyo ni sehemu ndogo kuliko nyua za nyumba nyingi. Mara nyingi uwanja upo, ila mchezo mmoja umeutwaa mzima, saa zote za jioni.

Basi anza na saa. Alfajiri mpaka saa moja asubuhi wape watu wa mazoezi na joging. Asubuhi ya saa tatu mpaka saa tano, jua halijawa kali, ni ya wazee na ya watoto ambao hawajaanza shule. Waweke pamoja, maana wazee wengi hufurahi watoto wakiwa karibu. Jioni zigawe siku kwa siku: mbili au tatu za mpira wa miguu wa vijana, mbili za netiboli na michezo ya wasichana, moja ya mchanganyiko ambayo uwanja unakatwa vipande. Wasichana wasipewe saa ya mwisho. Dar es Salaam jua huzama kabla ya saa moja usiku mwaka mzima, na ukiwapa mwanzo wa saa kumi na mbili umewapa nusu saa na njia ya giza.

Ratiba iheshimu dini za watu. Adhana ya alasiri na ya magharibi zinajulikana. Panga mapumziko yaangukie hapo. Usiweke tukio kubwa Ijumaa mchana wala Jumapili asubuhi, na usiweke kila tamasha Jumamosi, kwani Wasabato watakosa yote. Mwezi wa Ramadhani michezo ya nguvu ipungue, bao na drafti vipate nafasi baada ya futari. Kumbuka na mvua: kuanzia Machi mpaka Mei masika yanaweza kuugeuza uwanja wa udongo kuwa dimbwi, kwa hiyo kipindi hicho panga michezo ya barazani.

Ratiba ikikamilika iandike kwa herufi kubwa, ibandike ofisi ya serikali ya mtaa na kwenye mti au nguzo pale uwanjani. Kisha fanya jambo ambalo lina nguvu kuliko bango: nunua mpira wa pili, na umkabidhi kiongozi wa wasichana aulaze nyumbani kwake. Uwanjani mwenye mpira ndiye mwenye uamuzi. Wasichana wanaoazima mpira kwa kaka zao watacheza siku kaka zao wakipenda. Hali kadhalika na ufunguo wa stoo. Kamati ikiwa na mwanamke mmoja wa kuandika muhtasari na mtu mwenye ulemavu mmoja wa kupigwa picha, haitabadilisha kitu. Wape vifaa, wape daftari la fedha, wape haki ya kusema tukio hili lisogezwe.

Cha kucheza kipo

Hapa watu huanza kuwaza vifaa vya bei kubwa. Mtaa wako tayari una hazina. Waulize kina mama wenye miaka arobaini na kuendelea jinsi ya kucheza rede, utaona watu wazima wanasimama na kufunga kanga vizuri. Rede, nage, kombolela, mdako, ukuti, kuvuta kamba, mbio za magunia: gharama yake ni mpira wa matambara, kokoto na kamba. Kwenye mashindano ya kuvuta kamba wapangeni watu kwa safu za nyumba, msiwapange kwa umri. Mama wa miaka hamsini akivuta pamoja na mwanafunzi wa sekondari wa nyumba ya jirani, kesho yake watasalimiana kwa majina.

Bao linastahili heshima zaidi ya ile tunayolipa. Ubao mmoja wenye mashimo 32 na kete 64 unakaa miaka mingi, na mchezo unadai akili na kumbukumbu, vitu ambavyo mzee anavitunza kwa kuvitumia. Shindanisha baraza na baraza. Muhimu zaidi, weka kanuni kwamba kila baraza lilete wachezaji wawili walio chini ya miaka ishirini, mmoja wao msichana. Usipofanya hivyo, mabingwa wa mtaa wako wataondoka na ujuzi wao.

Kwa wenye ulemavu anza na njia. Kivuko cha mtaro kiwe cha zege na kisiwe na ngazi, na mteremko wake uwe mpole: kwa kila kimo cha sentimita 10, urefu wa sentimita 120. Fundi yeyote wa mtaani anaweza kufanya kipimo hicho. Baada ya hapo kiti mwendo kitafika, na atafika pia mama mwenye mtoto mgongoni, na bibi mwenye mkongojo. Kwa asiyesikia, mwamuzi atumie kitambaa pamoja na filimbi. Na tafadhali, mtu mwenye ulemavu asialikwe kuja kutazama tu.

Fedha, na masharti yanayokuja nazo

Ratiba ya kawaida ya wiki inahitaji fedha kidogo: mipira, chokaa, maji ya kunywa, mabenchi machache, kulipia usafi wa choo. Fedha nyingi humezwa na siku ya bonanza, kwa muziki, turubai, viti na zawadi. Ushauri wangu ni kwamba mwaka mzima wa jioni za kawaida ni bora kuliko bonanza moja la kelele. Kombe la mbuzi lina raha yake na sina neno nalo, ila ada ya kuingia ikipanda, timu za wasichana na za watoto ndizo zinazojitoa kwanza.

Wafadhili watakuja, hasa mwaka wa uchaguzi. Jezi zipokeeni, lakini ratiba ya uwanja isibadilishwe na mtoa jezi, na hilo lisemwe mbele ya watu siku ya kupokea. Kampuni za pombe na za kubeti zikataeni kabisa kwenye shughuli za watoto. Afisa maendeleo ya jamii wa kata na afisa michezo wa halmashauri waandikieni barua mapema; hata wasipokuwa na fungu, wanaweza kuwaunganisha na waamuzi, walimu wa michezo na watumishi wa afya. Asilimia kumi ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambayo hugawiwa 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, ni mikopo ya kuendeshea shughuli za uzalishaji, hivyo msiitegemee kwa burudani. Kila shilingi inayoingia ipewe risiti, na mapato na matumizi yasomwe mkutanoni. Shughuli nyingi za mitaa hufa kwa minong'ono ya fedha kabla ya kufa kwa kukosa fedha.

Usalama nao una masharti yake. Watoto wasikae na mtu mzima mmoja peke yake, hata awe mwalimu anayeheshimika kiasi gani. Wawe wawili wakati wote, na wazazi wajulishwe majina yao. Kuwe na boksi la huduma ya kwanza na dereva mmoja aliyekubali kupigiwa simu. Mkitumia spika kubwa, taarifu kituo cha polisi na majirani wenye wagonjwa, na muziki uzimwe saa mliyoahidi.

Linda ardhi

Yote haya hayana maana uwanja ukiuzwa. Mnazi Mmoja, katikati ya Dar es Salaam, uliachwa wazi enzi za ukoloni kwa nia mbaya: kuitenga Kariakoo ya Waafrika na upande wa Wazungu na Wahindi. Leo ni eneo la wote, kwa sababu halikujengwa. Jirani yake, Kidongo Chekundu, ndipo kilipofunguliwa kituo cha michezo cha vijana cha Jakaya Kikwete mwaka 2015. Nairobi, mwaka 1989, Wangari Maathai alisimama karibu peke yake kupinga jengo la ghorofa 60 ndani ya Uhuru Park. Alitukanwa hadharani, lakini jengo halikujengwa na bustani ipo. Mjini humohumo, Januari 2015, watoto wa Shule ya Msingi ya Lang'ata Road walitoka kupinga ukuta uliozungushwa kwenye uwanja wao, wakarushiwa mabomu ya machozi. Watoto hawapaswi kufika huko. Kazi ya kulinda uwanja ni ya watu wazima, tena ifanyike kabla ukuta haujainuka.

Nenda kwa afisa mipango miji wa halmashauri ukaulize mchoro wa eneo lenu unasemaje kuhusu kiwanja hicho. Kama kimeandikwa ni eneo la wazi, tafuteni nakala na namba ya mchoro, viwekwe ofisi ya mtaa, na bango lisimame uwanjani likiutaja mchoro huo. Kama hakimo, leteni suala kwenye mkutano mkuu wa mtaa, uamuzi uandikwe kwenye muhtasari, na nakala ipelekwe kata na halmashauri. Pandeni miti kwenye mipaka, mwarobaini au mkungu, ambayo itatoa kivuli na kuonyesha uwanja unaishia wapi. Kwenye makazi yanayorasimishwa fursa ni moja tu: siku michoro inapojadiliwa na wananchi wanapokubaliana kuachia ardhi ya barabara, ombeni na ardhi ya kuchezea. Hati zikishatoka mmechelewa.

Msipokuwa na kiwanja kabisa, zungumzeni na kamati ya shule kuhusu saa za baada ya masomo, kwa maandishi, mkiahidi usafi na ukarabati wa kinachovunjika. Au ombeni kufunga barabara moja ya ndani kwa saa tatu Jumapili. Kigali wamekuwa wakizifungia magari baadhi ya barabara kuu tangu mwaka 2016, watu wakimbie na kuendesha baiskeli, na papohapo wanapimwa afya zao. Mtaa unaweza kufanya kwa udogo wake: kamba mbili, watu wanne wa kuongoza bodaboda, na muuguzi wa zahanati mwenye kipimo cha shinikizo la damu.

Tanzania ilishatangaziwa, Desemba 2016, kwamba Jumamosi ya pili ya kila mwezi iwe siku ya mazoezi kwa wote. Itumie tarehe hiyo kama kisingizio chema. Mkutano mkuu wa mtaa ujao, simama uombe ratiba ya uwanja iwe ajenda, ukiwa na karatasi yako ya makundi na saa zao mkononi. Omba jambo dogo lisilokataliwa kirahisi: jioni mbili kwa wiki kwa wasichana, asubuhi mbili kwa wazee, na kivuko kimoja cha zege kabla ya mwisho wa mwaka. Wakikubali, anza wiki hiyohiyo.